Kutoka Jerusalem Kwenda Jericho

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Somo: Luka 10:25-37)

Twawasalimu ninyi mlio nyumbani mkinywa chai, ninyi mnaojiandaa kwenda kazini, ninyi mlio zamu ya usiku mkingoja mwenzenu aje awapokee, na ninyi mlio kitandani kwa ugonjwa. Karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache. Aliye na Biblia karibu naye na aifungue katika Injili ya Luka, sura ya 10, kuanzia mstari wa 25. Asiye nayo, au asiyeweza kuisoma, asihuzunike. Na asikilize tu, kwa maana leo tuna neno juu yake.

Sisi twakaa Nairobi, pande za Eastlands. Mgeni akija kwetu hutabasamu asikiapo majina ya mitaa yetu. Kuna Bahati na Maringo, kuna Uhuru, Harambee na Umoja. Tena kuna mitaa miwili jirani iliyopewa majina ya Biblia, Jerusalem na Jericho. Katika nchi ya Wayahudi, njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ni ndefu, kilomita zipatazo 27, nayo yateremka karibu mita 1000 kati ya majabali makavu. Kwetu sisi, mtoto aliyetumwa chumvi aweza kutoka Jerusalem akafika Jericho na kurudi kabla mboga haijaiva.

Basi twakaa katika majina ya Biblia. Twamwambia makanga atushushe Jericho. Twamwelekeza mgeni nyumba yetu iliyoko Jerusalem. Lakini, ndugu msikilizaji, kukaa katika jina la Biblia si kukaa katika Neno la Mungu. Na kuwa na Biblia kabatini, iliyofunikwa kitambaa kizuri, bado si kukaa katika Neno.

Katika somo letu la leo, mtu mmoja mjuzi wa sheria alimwendea Bwana Yesu akamwuliza afanye nini ili aupate uzima wa milele. Bwana hakumpa jibu geni. Alimrudisha kwenye Maandiko. Alimwuliza ni nini kilichoandikwa humo, tena akamwuliza yeye hukisoma namna gani. Yule mtu akajibu vizuri sana: kumpenda Mungu kwa moyo wote, na kumpenda jirani kama nafsi yake. Kama huo ungalikuwa mtihani, angalipata alama zote. Hata hivyo, baada ya kujibu vizuri, ilimbidi aulize jirani yake ni nani. Alikuwa amesoma miaka mingi, na bado hajamwona mtu wa mlango wa pili.

Wapendwa, tusimcheke. Twataka kuwapa ushuhuda wetu, nao si wa kujisifu.

Sisi tuna kikundi cha kujifunza Biblia kinachokutana kila Jumatano jioni, nyumba kwa nyumba. Nyumba zetu ni ndogo, mnazijua. Kitanda hufichwa kwa pazia, meza husogezwa ukutani, wengine huketi vitini na wengine juu ya mitungi ya maji iliyofunikwa. Watoto hukaa sakafuni na kazi yao ya shule. Desturi yetu ilikuwa kusoma kwa zamu, kila mtu mstari mmoja, kitabu kikizunguka kutoka mkono hadi mkono.

Kati yetu alikuwapo mama mmoja mtu mzima, mwenye wajukuu. Hakukosa hata Jumatano moja. Mvua ikinyesha, alikuja. Stima zikipotea, alikuja na mshumaa wake. Lakini zamu yake ya kusoma ikifika, alisema, "Nisameheni wanangu, miwani nimeisahau." Jirani yake husoma mstari wake, nasi tukaendelea. Jambo hili lilienda hivyo kwa miezi mingi.

Jumatano moja somo letu lilikuwa hili hili la Luka 10. Tulisoma mstari kwa mstari, na kwa hesabu ya viti, mama yetu akaangukiwa na mstari wa 32, ule unaosimulia jinsi Mlawi naye alivyomwona yule mtu aliyejeruhiwa akapita kando. Mama akasema kama kawaida, miwani ameisahau. Ndipo mmoja wetu akafanya mzaha: "Mama, hiyo miwani yako yahitaji kuokoka. Haihudhurii ibada hata siku moja!" Tukacheka sote. Twakiri, tulicheka kwa sauti.

Mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa hivi, akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake. Nadhani kicheko kile kilimuuma. Akasema, "Nyanya hana miwani. Nyanya hajui kusoma."

Nyumba ikanyamaza kimya. Na je, sisi tulifanya nini? Kiongozi wetu aliona aibu, akasema upesi, "Tuendelee, mstari wa 33." Tukaendelea. Tukasoma habari za Msamaria aliyehurumia. Tukatoa mafundisho matatu juu ya huruma, tukayaandika katika vitabu vyetu. Tukaomba. Chai ikaletwa. Mama yetu hakunywa chai. Alimshika mjukuu wake mkono akaaga.

Jumatano iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Tulisema labda ana wageni. Ya tatu alipokosa tena, dada mmoja kati yetu akafunga Biblia yake kabla hatujaanza, akasema, "Ndugu zangu, mimi siwezi kusoma leo. Sisi tulisoma juu ya watu waliopita kando, na usiku ule ule tukapita kando." Hakuna aliyemjibu. Tulijua kwamba amesema kweli.

Jumamosi yake tulikwenda watatu, mzee wa kanisa, dada yule, na yule aliyefanya mzaha. Ilikuwa siku ya maji mtaani, tukamkuta mama kwenye foleni na mitungi yake. Tulimsaidia kubeba. Alitukaribisha, akatupa viti, naye akaketi kitandani. Ndugu yule akaomba msamaha huku akilia.

Mama akasema, "Wanangu, mimi sikukasirika. Niliona haya tu. Kwetu wavulana walipelekwa shule, sisi wasichana tukabaki na mbuzi na watoto wadogo. Nimeuza mboga Gikomba miaka mingi. Hesabu zangu zote ziko kichwani, na sijapunjwa hata shilingi. Lakini kitabu kikinifikia, mikono yatetemeka."

Mzee wa kanisa akamwuliza, "Mama, kama ilikuwa taabu hivyo, mbona hukukosa hata siku moja?"

Akajibu, "Nilikuja kusikia. Nikirudi nyumbani, nalala nikiyarudia yote mliyosoma, na asubuhi nikiwasha jiko nayarudia tena. Nayarudia mpaka Jumatano nyingine, yasipotee. Ninyi mkisahau mtafungua kitabu. Mimi sina pa kuyatafuta tena."

Kisha, bila kuombwa, akatusimulia kitabu cha Ruthu, ambacho tulikuwa tumekisoma miezi kadhaa nyuma. Alikisimulia chote kwa utaratibu: njaa ya Bethlehemu, Naomi na wanawe, Orpa aliyerudi, shamba la Boazi, na jinsi jamaa wa karibu alivyovua kiatu chake langoni. Sisi watatu tulikuwa na Biblia mikononi. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angaliweza kusimulia nusu yake. Mzee wetu aliinamisha kichwa.

Wapenzi wasikilizaji, siku ile tulijifunza maana ya kujifunza Neno la Mungu daima.

Jambo la kwanza ni kwamba Neno lilitolewa lisikiwe pia, siyo lisomwe tu. Fungua Ufunuo, sura ya 1, mstari wa 3. Hapo baraka imetajwa kwa yule asomaye, na kwa wale wasikiao, na kuyashika yaliyoandikwa. Msomaji hakupewa baraka peke yake. Soma tena Nehemia, sura ya 8. Ezra alisoma torati mbele ya watu wote, wanaume kwa wanawake, tangu asubuhi hata adhuhuri, na Walawi wakawafafanulia watu mpaka wakaelewa. Walawi wale hawakupita kando. Walisimama kati ya watu. Na yule towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, alikuwa msomi mwenye chuo mkononi, lakini alikiri kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza. Basi mwenye kusoma amhitaji mwenzake, na asiyejua kusoma amhitaji mwenzake. Kwa hiyo twajifunza pamoja.

Jambo la pili ni desturi ya kila siku. Wana wa Israeli waliokota mana kila asubuhi, na aliyejaribu kuiweka mpaka kesho aliikuta imeoza. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17:11 kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku, hata mafundisho ya mtume Paulo mwenyewe wakayapima. Mama yetu hakuwa na kitabu, lakini alikuwa na desturi: usiku kabla ya kulala, asubuhi akiwasha jiko. Sisi tulikuwa na vitabu, lakini baina ya Jumatano na Jumatano havikufunguliwa. Ninyi mnaokaa mitaa yetu mnajua mambo ya maji. Siku yanapokuja, mwenye busara hujaza kila chombo, kisha hutumia kwa kipimo kila siku. Aliyeacha mitungi yake mitupu hubisha hodi kwa jirani. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, na katika mambo ya rohoni ni vivyo hivyo.

Jambo la tatu ni kutenda. Yakobo, katika sura ya 1, amfananisha msikiaji asiyetenda na mtu ajitazamaye katika kioo, kisha akaenda zake na kusahau uso wake ulivyo. Kuhani na Mlawi wa mfano ule walikuwa watu wa Maandiko. Walijua yaliyoandikwa. Lakini hayakuwa yameshuka kutoka kichwani hadi miguuni, ili miguu isimame njiani. Ukisoma Biblia mwaka mzima, na jirani yako wa mlango wa pili angali anakuogopa, ujiulize swali lile la Bwana, kwamba wewe wasoma namna gani.

Ndugu msikilizaji, Neno hili halikutufikia kwa bei rahisi. Mwaka 1844 mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa. Mwaka ule ule alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, na mwaka ule ule akaanza kazi ya kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Askofu Edward Steere alifanya kazi kama hiyo Unguja. Krapf alifariki mwaka 1881, na Steere mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiswahili ilitoka mwaka 1891. Wote wawili hawakuiona. Halafu mwaka 1952 ikatoka tafsiri ya pamoja, ambayo wengi wetu twaisoma hadi leo. Na siku hizi wako walio na Biblia nzima ndani ya simu mfukoni. Babu zetu hawakuota jambo kama hilo.

Hao babu zetu walikuwa na jina. Wakikuyu waliwaita Wakristo wa kwanza athomi, yaani wasomaji. Uganda nako waliitwa abasomi, maana ni ile ile. Majirani hawakuwa na neno jingine la kuwatambulisha. Walikuwa watu wa kile kitabu. Wapendwa, majirani zetu wa leo, wakitafuta jina la kutuita, watatuita wasomaji? Au watatuita wenye vipaza sauti tu?

Kumbukeni pia Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe huko Kampala, daktari Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini katika Rwanda, alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Waliketi pamoja na Biblia, wakasoma na kuomba. Mmoja alikuwa Mzungu, mwingine Mwafrika, katika siku ambazo watu wa namna hizo hawakuketi pamoja kama ndugu. Kutoka mikutano kama hiyo moto ulienea Rwanda na Uganda, na mwaka 1937 ukafika Kenya. Watu walirudisha mali walizoiba, waliungama dhambi mbele ya waliowakosea, maadui wakasalimiana. Wale wawili hawakuanza na umati wa watu. Walianza na Neno lililofunguliwa, na mioyo iliyokubali kuonywa.

Huenda unasema, "Mimi sina nafasi. Naondoka nyumbani alfajiri, narudi usiku nimechoka, na nyumba yenyewe ni chumba kimoja chenye kelele." Twakuelewa, maana nasi tu hali hiyo hiyo. Basi twakueleza tufanyavyo sisi sasa, nawe uchukue litakalokufaa.

Twachagua kitabu kimoja cha Biblia na kukifuata kwa utaratibu, bila kurukaruka. Twachukua sehemu fupi, mistari kumi au kumi na tano. Msomaji mmoja huisoma pole pole kwa sauti, halafu huisoma mara ya pili. Kisha twafunga vitabu vyote, na mtu mmoja husimulia aliyoyasikia, wengine wakimsaidia. Baada ya hapo twauliza maswali matatu: Hapa Mungu ameonyesha nini juu yake mwenyewe? Hapa ametuonyesha nini juu yetu? Na kabla ya Jumatano ijayo, kuna nani ambaye yatupasa kumwendea? Swali hilo la tatu ndilo gumu. Jumatano inayofuata, kabla ya kusoma lolote, twaulizana kama tulikwenda.

Kati ya wiki, kila mtu huirudia sehemu ile kila siku. Mwingine huisoma akingoja matatu. Mwingine huamka robo saa kabla ya watoto. Mlinzi wetu mmoja huirudia kimoyomoyo usiku akizunguka lango. Anza na kidogo, ndugu yangu, lakini anza, na kesho urudie.

Na mama yetu je? Alirudi. Tulipoanza desturi hii mpya, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimulia, na tangu siku hiyo mtu akisahau, watu humgeukia. Naye aliomba jambo moja: afundishwe herufi. Mwalimu wake ni yule mjukuu. Jioni huketi mlangoni na daftari kuukuu. Macho yake si mazuri sana, na sasa ni kweli anahitaji miwani. Kanisa lilimsaidia kuipata. Bado hajaweza kusoma sura nzima. Lakini Jumatano moja aliomba kitabu, akaweka kidole chini ya mstari mfupi katika Yohana 11, ule unaosema habari za machozi ya Bwana, akausoma mwenyewe, neno kwa neno. Alichukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha, wala hakuna aliyemsaidia, maana tuliona kwamba hataki. Alipomaliza alivua miwani akaifuta kwa kanga yake.

Mpendwa msikilizaji, huenda nyumbani kwako, au katika ushirika wako, yuko mtu asemaye kila mara kwamba ameisahau miwani. Usimcheke. Usimruke ukaenda mstari wa 33. Na huenda mtu huyo ni wewe. Twakuambia kwa upendo, njoo hivyo hivyo. Bwana hakuweka mtihani wa kusoma mlangoni mwa ufalme wake. Njoo usikie, uyarudie usiku, uyarudie asubuhi, nawe utakuwa msomaji kweli kweli machoni pa Mungu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, twakushukuru kwa Neno lako, na kwa wote waliolitolea jasho na machozi ili litufikie kwa lugha yetu. Utusamehe sisi tuliolifungia kabatini, na sisi tuliolisoma kisha tukampita mwenzetu kando. Utupe njaa ya Neno lako kila siku, kama njaa ya chakula. Uwakumbuke wasiojua kusoma, uwape masikio yasikiayo na ndugu wavumilivu. Utufungue macho leo, tutakapotoka katika nyumba zetu, tumwone yule aliyelala njiani. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Jumatano ijayo, jioni, fungueni mlango na kumwalika jirani mmoja. Mungu awabariki. Kwaherini.